Dau la Kichwa: Istilahi za Shindano la Poka na Hesabu Zake

Tulipokuwa Mvumi, wilayani Chamwino, mwalimu mmoja alituletea karatasi yenye kanuni za mchezo ili tumsaidie kuisahihisha. Kanuni hizo zilikuwa zimetafsiriwa kutoka Kiingereza, nazo zilihusu shindano la poka la aina ambayo mchezaji hulipwa kila anapomwondoa mwenzake mchezoni. Ndugu yake mwalimu huyo, aishiye mjini, alikuwa amealikwa kushiriki, naye alitaka kujua fedha zake zingekwenda wapi kabla hajazitoa mfukoni. Sentensi iliyobeba kiini cha kanuni zote ilisomeka hivi: "Haya ni mashindano ya mtoano, na zawadi itatolewa kwa kila atakayetolewa."

Tuliwasomea sentensi hiyo watu watatu waliokuwa nasi barazani. Wa kwanza, mpenzi wa kandanda, alielewa kwamba wachezaji watapangwa wawili wawili, na kila atakayeshindwa atarudi nyumbani, kama timu zinazogombea kombe. Wa pili alielewa kwamba mwandalizi, kwa ukarimu wake, atagawa zawadi. Wa tatu alielewa kwamba atakayelipwa ni yule aliyeshindwa, yaani apewe kifuta jasho. Hakuna hata mmoja aliyepata maana iliyokusudiwa, na hakuna hata mmoja aliyekosea Kiswahili. Kosa lilikuwa la istilahi.

Yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini, ingawa baadhi ya wasomaji wataona kwamba mchezo wa karata haustahili kurasa za jarida kama hili. Mwaka 2003 nchi yetu ilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na Bodi iliyoundwa kwa sheria hiyo ndiyo inayosimamia kumbi za michezo hiyo na kutoa leseni. Tena, mwaka 2021 sheria zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba mfasiri, mtumishi wa serikali au hakimu aweza siku yoyote kukabidhiwa kanuni kama zile, na watu wawili wakiwa mbele yake wanagombea fedha. Hapo neno lililochaguliwa kwa pupa huweza kumnyima mtu haki yake. Makala haya yanaeleza kwanza jinsi shindano hilo linavyokwenda, kisha yanapendekeza majina, na mwisho yanaonyesha jinsi mchezaji anavyolazimika kubadili hesabu zake. Mambo hayo matatu hayatengani, kwani asiyejua hesabu ya kitu hawezi kukipa jina linalokifaa.

Msingi wa mchezo

Kiswahili hakikuanza leo kuzungumza juu ya karata. Maneno karata, kopa, uru, pau, shupaza na turufu yote yametokana na Kireno, nayo yamekaa pwani kwa karne nyingi hata yakasahau kwao. Neno ree lilibadilika hata maana: katika Kireno asili yake ni jina la mfalme, bali kwa wachezaji wetu ree ni karata yenye alama moja. Kwa hiyo mwenye kutafuta istilahi za poka haanzii mahali patupu.

Poka huchezwa kwa karata 52. Katika aina iliyoenea zaidi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote huwekwa wazi katikati ya meza: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja. Kila mchezaji huunda mkono wa karata tano zilizo bora kutokana na hizo saba. Kabla ya karata za wazi kuwekwa, na baada ya kila awamu, wachezaji huweka dau. Anayetaka kuendelea hufuata dau la mwenzake, mwenye nguvu au ujasiri hupandisha, na aliyeona mambo si yake hutupa karata. Aliyeamua kujitosa huweka zote alizo nazo.

Vitu vinavyowekwa mezani badala ya fedha tunapendekeza viitwe kete. Neno hili limezoeleka katika bao na dama, nalo halileti mkanganyiko kama neno chipsi, ambalo kwa Watanzania wote ni viazi vya kukaanga. Rundo la kete lililo katikati, linalosubiri mshindi wa mkono, tunaliita jungu. Wachezaji wawili huanza kila mkono kwa kutia jungu kiasi kilichokwisha kupangwa, wapende wasipende. Hilo ni dau la lazima, nalo katika shindano hupanda kila baada ya muda ili mchezo usikeshe.

Katika shindano la kawaida, kila mchezaji hulipa ada, hupewa kete zilizo sawa na za wenzake, na hucheza mpaka zimwishie. Ada zote huingia mfuko mmoja, na mfuko huo hugawiwa wachache waliobaki mwishoni. Kumwondoa mwenzako hakukuletei malipo ya papo hapo, ila kete zake tu.

Kwa nini si mtoano, na kwa nini si zawadi

Mfasiri wa kanuni zile aliona neno la Kiingereza ambalo katika habari za kandanda hutafsiriwa mtoano, naye akaliandika bila kusita. Lakini mtoano ni jina la namna ya kupanga mechi: wawili hukutana, mmoja hubaki. Katika poka hakuna mpangilio huo. Tena, mashindano yote ya poka huwaondoa watu mmoja mmoja, kwa hiyo neno mtoano halitofautishi aina hii na nyingine yoyote. Kinachotofautisha ni malipo.

Kitenzi kutoa nacho ni mtego. Katika Kiswahili kutoa ni kuondoa, na vilevile ni kumpa mtu kitu. "Mtoaji" ni nani basi: aliyemwondoa mwenzake, au aliyelipa fedha? Katika mazungumzo muktadha huokoa. Katika kanuni muktadha hautoshi. Twaona ni heri kutumia kuangusha. Aliyemaliza kete za mwenzake ni mwangushaji, na aliyeishiwa ni mwangushwa. Maneno haya yana picha ya mieleka, nayo hayana maana ya pili inayoweza kuzua ugomvi.

Ama kuhusu malipo yenyewe, swali la kwanza la kujiuliza ni hili: fedha zinatoka kwa nani? Fisi akisumbua mazizi, na wenye mifugo wakaahidi mbuzi kwa atakayemuua, hiyo ni zawadi, kwa kuwa waahidi hutoa kilicho chao, wala fisi hakuchangia kitu. Vilevile serikali ya Wajerumani ilipotangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mtwa Mkwawa wa Uhehe, kusini mwa Ugogo, aliyetangaza ndiye aliyekuwa alipe. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na fuvu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Hiyo ilikuwa bei ya kichwa kwa maana yake kamili na ya kutisha. Hatuoni vema neno lenye kumbukumbu hiyo lishushwe kuwa jina la burudani, na hata tukiweka heshima kando, maana yake haifai, kwa sababu bei hiyo iliwekwa na adui.

Katika shindano la poka tunalolieleza mambo ni kinyume. Sehemu ya ada ya mchezaji haiingii mfukoni mwa wote, bali hutengwa kwa jina lake mwenyewe. Akiangushwa, sehemu hiyo huwa ya aliyemwangusha. Asipoangushwa na yeyote, yaani akiwa mshindi wa shindano zima, hurudi kwake. Basi si zawadi, wala si bei iliyowekwa na mtu mwingine. Ni kitu alichokiweka mwenyewe juu ya kichwa chake, na Kiswahili kina neno la kitu anachoweka mtu akiwa tayari kukipoteza: dau. Kwa hiyo twapendekeza dau la kichwa, na shindano lenyewe liitwe shindano la madau ya vichwa.

Mzee mmoja pale Mvumi alituonya kwamba "ya kichwa" itawakumbusha watu kodi ya kichwa ya zamani, ambayo kila mtu alitozwa sawa. Onyo hilo ni la maana, lakini halibomoi pendekezo. Katika aina ya msingi, madau ya vichwa nayo huanza sawa kwa kila mtu. Na neno dau linatosha kuonyesha kwamba hapa hakuna mtoza kodi.

Mfano wa karanga

Hesabu huonekana wazi zaidi kwa vitu vya kushikika. Tuseme watu 20 wamekutana chini ya mbuyu, na kila mmoja ameleta karanga 32. Karanga 16 anazitia katika kapu la wote. Karanga 16 nyingine anazifunga katika kitambaa na kukiweka mbele yake, na hilo ndilo dau lake la kichwa. Kisha kila mmoja anapewa mbegu 100 za ubuyu, ambazo ndizo kete. Kapu lina karanga 320, na kete zote ni 2,000. Hivyo mwanzoni kete 100 ni sawa na karanga 16 za kapuni, na kila kichwa, chenye karanga 16, chaweza kuhesabiwa kuwa sawa na kete 100. Ulinganisho huu ndio ufunguo wa mambo yote yafuatayo.

Sasa mpinzani ameweka zote, kete 100, na jungu lilikuwa na kete 20 za dau la lazima. Nasi tuna kete 100 au zaidi. Je, tumfuate? Katika shindano la kawaida tutaweka 100 ili kupata 120. Tukifuata, jungu lote litakuwa 220. Ili tusipate hasara yatubidi tushinde mara 100 katika kila 220, yaani takriban mara 45 katika 100. Katika shindano la madau ya vichwa, tukishinda tunapata pia kitambaa chake, ambacho ni kama kete 100 zaidi. Tunaweka 100 kwa ajili ya jumla ya 320, na yatosha tushinde mara 31 katika 100. Mkono ambao jana ulikuwa wa kutupa, leo ni wa kufuata. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya mchezo huu, nayo imefichwa yote ndani ya neno dau la kichwa. Aliyeelewa kwamba mwandalizi anagawa zawadi hataiona.

Lakini kichwa hakidumu na uzito uleule. Tuseme wamebaki watu watano, kila mmoja ana kete 400, na dau la lazima limepanda hata jungu lina 80. Mpinzani akiweka zote 400, katika shindano la kawaida twahitaji tena kushinda takriban mara 45 katika 100. Kichwa chake bado ni karanga 16, yaani kete 100, ambazo sasa ni robo tu ya kete tunazoziweka hatarini. Tukikiongeza, hitaji linashuka hadi takriban 41. Basi katika aina hii ya msingi, vichwa huvuta sana mwanzoni na kulegea mwishoni. Anayewinda vichwa saa ya mwisho kwa ari aliyokuwa nayo saa ya kwanza anafanya kosa la hesabu.

Kadhalika kuna karibu na malipo. Mfuko ukigawiwa watu watatu, na wakabaki wanne, kuanguka kunamgharimu mtu zaidi ya hesabu ya kete zake, kwani atakosa fungu ambalo angelipata kwa kungoja tu. Hapo tahadhari humvuta mchezaji nyuma na kichwa humvuta mbele. Mwenye busara hupima vyote viwili kabla ya kufuata.

Nani ana haki ya kichwa

Kanuni hukosewa zaidi mahali hapa, na ugomvi huzuka hapahapa. Huwezi kumwangusha mtu ambaye kete zake ni nyingi kuliko zako. Ukiwa na 60 naye ana 100, akishindwa atabaki na 40, na kitambaa chake kitabaki mbele yake. Katika hali hiyo kichwa hakimo katika hesabu yako hata kidogo, nawe wahitaji ubora uleule wa karata kama katika shindano la kawaida. Mchezaji ambaye kete zake zinatosha kumaliza za mwenzake twapendekeza asemwe kuwa anamfunika. Kanuni ya kwanza ya mbinu basi ni fupi: mtafute unayemfunika, na jihadhari na anayekufunika.

Yafuata kwamba kete nyingi zina thamani ya ziada katika shindano hili, maana mwenye nyingi huwafunika wengi, na kila mkono ni nafasi ya kuvuna. Yafuata pia kwamba mwenye kete chache huwindwa na meza nzima. Katika shindano la kawaida mtu wa namna hiyo huweza kuweka zote akiwa na karata dhaifu, akitumaini wenzake wataogopa na kutupa zao. Hadaa hiyo hapa hupungua nguvu, kwani wenzake hawamwogopi. Wanakitazama kitambaa chake. Mwenye kete chache apunguze hadaa, angoje karata njema, kisha aweke zote akijua atafuatwa, kwa sababu kufuatwa na wenye karata dhaifu ndiyo faida yake.

Huenda watu watatu wakagongana katika mkono mmoja. Mwenye kete chache akiweka zote, wawili wenye nyingi huendelea kushindana kwa kete za ziada katika jungu la pembeni, ambalo yule wa kwanza hana haki nalo. Akianguka, kichwa chake ni cha nani? Ni cha mshindi wa jungu lenye kete za mwisho za mwangushwa, si cha mshindi wa jungu la pembeni. Washindi wa jungu hilo wakiwa wawili kwa mikono iliyo sawa, hugawana kichwa. Mfasiri asiruke sentensi hii hata kama asili yake ni ndefu na ya kuchosha, kwani wagomvi wakija, ndiyo itakayosomwa.

Dau linalokua

Kuna aina ya pili, ambayo sasa imeenea sana. Mwangushaji hapewi kichwa chote mkononi. Nusu hulipwa papo hapo, na nusu huongezwa juu ya kichwa chake mwenyewe. Tuwaite wachezaji wetu Mosi, Pili na Tatu, kila mmoja akiwa ameanza na dau la karanga 16. Mosi anamwangusha mtu: anapokea karanga 8, na 8 nyingine zinaongezwa katika kitambaa chake, kikawa na 24. Pili, ambaye hajamwangusha mtu, anamwangusha Mosi: anapokea 12, na kitambaa chake kinakuwa na 28. Tatu akimwangusha Pili atapokea 14, na chake kitafika 30. Hili twaliita dau linalokua, ili tulitofautishe na dau lisilobadilika la aina ya msingi.

Katika aina hii yafaa mchezaji asidanganyike na maandishi ya kitambaa. Kilichoandikwa 16 hakimpi 16. Kinampa 8 za hakika, na 8 nyingine zimekaa juu ya kichwa chake, ambazo atazipata tu ikiwa hataangushwa hadi mwisho; la sivyo ni za atakayemwangusha. Tukirudi kwenye mfano wa kwanza na kuhesabu nusu ya hakika peke yake, ambayo ni sawa na kete 50, tunaweka 100 kwa ajili ya jumla ya 270, na hitaji ni takriban mara 37 katika 100. Mchezaji mahiri anayetazamia kufika mbali ataongeza kidogo kwa nusu ya pili, lakini hataihesabu yote.

Tena, mwendo wa uzito ni kinyume cha ule wa aina ya msingi. Kadiri watu wanavyoanguka, vichwa vilivyobaki hunenepa, kwa hiyo uwindaji haulegei mwishoni. Na mwenye kichwa kinono ajue kwamba watu watamfuata kwa karata ambazo kwa mwingine wangezitupa. Kichwa kinachomletea sifa ndicho kinachomwongezea wawindaji.

Dau la bahasha

Aina ya tatu huficha kiasi. Mwangushaji huchukua bahasha moja kati ya nyingi, na ndani yake hukuta kiasi kikubwa au kidogo. Aghalabu bahasha hazianzi kufunguliwa mpaka shindano lifike hatua iliyotangazwa. Katika Mashindano ya Dunia ya Poka ya mwaka 2022 kule Las Vegas, mchezaji Matt Glantz alifungua bahasha ya dola 1,000,000 katika shindano ambalo ada yake ilikuwa dola 1,000. Habari kama hiyo huwapagawisha watu, na ndiyo sababu hesabu yake ieleweke.

Turudi chini ya mbuyu. Tuseme karanga zote 320 za vichwa zimewekwa katika bahasha kumi, zitakazoanza kufunguliwa wakibaki watu kumi: moja ina 140, na tisa zina 20 kila moja. Kabla ya hatua hiyo kumwangusha mtu hakuleti kitu, hivyo mchezaji hucheza kama katika shindano la kawaida, akijitahidi kufika huko na kete za kuwafunika wenzake. Hatua ikifika, kila kichwa kwa wastani ni karanga 32, sawa na kete 200, na uwindaji huwa mkali. Lakini bahasha kubwa ikishatoka, wastani huanguka hadi 20, sawa na kete 125. Anayeendelea kuwinda kana kwamba zile 140 bado zimo, anawinda kivuli. Kwa hiyo mchezaji hukumbuka bahasha zilizokwisha kufunguliwa, na kanuni zilizotafsiriwa vizuri humwambia ni wapi zimetangazwa.

Machache ya kuangalia

Mbinu zote hizi hurudi kwenye maswali manne, ambayo mfasiri naye aweza kuyatumia kupima tafsiri yake. Je, namfunika? Kichwa chake ni sawa na kete ngapi? Ni kiasi gani cha hicho nitakachopata sasa? Shindano limefika hatua gani? Ikiwa msomaji wa kanuni hawezi kujibu maswali hayo kutokana na maneno yaliyomo, tafsiri haijakamilika, hata kama sarufi yake haina kasoro.

Twaongeza neno la tahadhari. Hesabu hizi hazimfanyi mtu kuwa tajiri. Mtu aweza kufuata kwa haki mara 31 katika 100 na kushindwa mara 69, na wenye ukumbi hukata sehemu yao kabla ya mchezo kuanza. Sheria hairuhusu walio chini ya miaka 18 kushiriki michezo ya kubahatisha, wala mfano wetu wa karanga si mwaliko wa kumfundisha mtoto kamari. Ndugu yake yule mwalimu, alipopata maelezo haya, aliuliza swali moja tu: "Kumbe nusu ya ada yangu ni ya atakayeniangusha?" Tulimjibu ndiyo. Kama alikwenda au hakwenda ni shauri lake. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba anaamua akiwa anajua.

Istilahi zinazopendekezwa

Dau la kichwa: sehemu ya ada ya mchezaji inayotengwa kwa jina lake, ambayo hulipwa atakayemwangusha.

Dau linalokua: dau la kichwa ambalo nusu yake hulipwa mwangushaji na nusu huongezwa juu ya kichwa chake.

Dau la bahasha: dau la kichwa ambalo kiasi chake hakijulikani mpaka bahasha ifunguliwe.

Dau la lazima: kete zinazotiwa junguni kabla ya mkono kuchezwa, kwa zamu.

Mwangushaji, mwangushwa: aliyemaliza kete za mwenzake, na aliyeishiwa.

Kete: kitu kinachowakilisha thamani mezani wakati wa mchezo.

Jungu, jungu la pembeni: kete zinazoshindaniwa na wote walio mkononi, na zile zinazoshindaniwa na wenye kete za ziada tu.

Kufunika: kuwa na kete zinazotosha kumaliza za mwenzako.

Kufuata, kupandisha, kutupa, kuweka zote: vitendo vinne vya mchezaji anapokabili dau.

Hadaa: dau linalowekwa na mwenye karata dhaifu ili wenzake watupe zao.

Haya ni mapendekezo. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wanaokutana na kanuni za namna hii wanaombwa kuyajaribu katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa pale ambapo neno letu limeshindwa kufanya kazi yake. Ile sentensi ya Mvumi tuliirudisha kwa mwalimu ikiwa imeandikwa hivi: "Katika shindano hili, nusu ya ada ya kila mchezaji ni dau lake la kichwa, nalo litalipwa atakayemwangusha." Tuliwasomea tena watu wale watatu, na safari hii wote walielewa jambo moja.